Gari ya dizeli ikikataa biodizeli: angalia chupa kabla ya kushusha pampu

Hilux yangu ni ya kitambo, injini 3L, pampu ya kawaida isiyojua kompyuta ni mnyama gani, na nimeiendesha kwa biodizeli kati ya Kisumu na Nakuru miaka kadhaa sasa. Imenizimia Salgaa, imenizimia Ahero kwa mvua, na asubuhi moja Molo ilinikataa kabisa mbele ya wakwe. Kati ya hizo zote mara moja tu ndio shida ilikuwa injini yenyewe. Zingine ilikuwa ni mafuta, au uchafu wa zamani wenye mafuta yaliuamsha, au hosi. Nalisema mapema kwa sababu fundi ukimtajia tu biodizeli ashamaliza kesi kichwani. Mimi niliambiwa "boss, hii pampu ni ya kushusha" na elfu thelathini na tano ikatajwa kabla hata boneti haijafunguliwa, kumbe ni filta ya pesa kidogo tu.

Basi anza na chupa. Tafuta mbili za maji za nusu lita, kavu kabisa, toa lebo. Chini ya filta kuna kiskurubu cha kutolea maji, kilegeze ukinge kama robo chupa. Hiyo nyingine jaza kutoka kwa jerikeni ulilonunua. Zisimamishe kwa dirisha kando kwa kando kama dakika kumi na tano halafu weka gazeti nyuma yake. Mafuta mazuri, yawe ya njano ama ya rangi ya chai, unasoma maandishi upande wa pili. Ya jerikeni yakiwa safi na ya filta machafu, shida ni tangi lako. Zote mbili zikiwa na ukungu na hakuna baridi, shida ni uliyenunua kwake. Zote zikiwa safi na gari bado inasumbua, sasa ndio uende kwa hosi, hewa, hita plagi (zile za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha), na mwisho wa mwisho nozo (zinazopuliza mafuta ndani ya injini) na pampu.

Na ujue ulichonacho kwanza, maana mtaani "biodizeli" ni vitu vitatu tofauti. Kuna ile ya ukweli, mafuta ya kupika yaliyochanganywa na methanoli na magadi makali (kostiki soda) mpaka glisarini ikajitenga ikashuka chini. Kuna mafuta ya chipsi yaliyochujwa tu kwa kitambaa. Na kuna hayo hayo ya kuchujwa yakaongezwa mafuta ya taa ndio yawe mepesi. Kwa macho zinafanana, kwa injini ni mbingu na ardhi: kwa joto la digrii 40 mafuta ya kupika ni mazito karibu mara nane ya biodizeli iliyopikwa, na nozo haiwezi kuyapuliza ikawa vumbi, inayatema kwa matone. Hayo matone hayaungui yote, yanageuka masizi magumu kwa ncha ya nozo na kwa ringi. Gari itatembea tu vizuri, miezi hata, halafu siku moja bili inakuja yote pamoja.

Ilivuta vizuri wiki ya kwanza, sasa inakufa mlimani

Hii ndio inapata karibu kila mtu na wengi huachia hapo. Kwa barabara tambarare iko sawa, ukianza kupanda kutoka Awasi kuelekea Kericho inakata nguvu, unarudisha gia, unakanyaga na hakuna kitu, ukisimama dakika tano inapata nafuu. Ni filta imeziba. Biodizeli ina tabia ya kuosha, ule utando ambao dizeli imekuwa ikiacha kwa tangi miaka ishirini inaung'oa wote na kuupeleka mbele. Filta yangu ya kwanza nilipoipasua kwa msumeno wa chuma, karatasi ya ndani ilikuwa nyeusi na ina kitu kama jamu, ukikigusa kinanyooka kati ya vidole.

Badilisha filta, na ununue mbili kwa mpigo, moja ikae chini ya kiti pamoja na spana yake. Mimi nilikula tatu ndani ya tangi nne za kwanza, baada ya hapo ikatulia kabisa. Gari ikiwa ni ya zamani sana ni heri kushusha tangi na kuliosha kabla ya kuanza, au uanze polepole, lita 5 za biodizeli kwa kila 100, baadaye 10, baadaye 20. Ukiweka filta mpya ijaze mafuta safi kabla ya kuifunga kisha ukandamize ile pampu ya mkono juu ya kichwa cha filta mpaka iwe ngumu, la sivyo utamaliza betri ukidhani kuna shida nyingine.

Asubuhi haiwaki, saa sita inawaka kama kawaida

Sasa ile ya Molo. Nilikuwa nimejaza Kisumu biodizeli tupu, jioni nikapanda na Kericho, nikapita Londiani na Mau Summit, nikalala kwa kina wife. Ilikuwa mwezi wa saba. Asubuhi nikapiga stata, injini inazunguka vizuri, haishiki hata kidogo. Baba mkwe yuko pale na kikombe cha chai ananiangalia tu, hasemi kitu. Nikafungua kiskurubu cha filta: mafuta hayakumwagika. Yalitoka kama uji wa jana, kitone kimoja kizito cheupe kikaning'inia pale.

Yaliganda. Mafuta mengi ya kupika tunayotumia Kenya, haya ya salad na yale ya kimbo, asili yake ni mawese, na biodizeli ya mawese huanza kufanya ukungu kwenye digrii 13 hadi 16 hivi. Ya soya au alizeti inavumilia mpaka karibu na 0. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, hata usiku huwezi kujua una shida. Nakuru ni kama 1,850, hapo asubuhi za baridi unaanza kuionja. Molo, Mau Summit, na Timboroa iliyo zaidi ya mita 2,700, digrii 10 kushuka chini ni kitu cha kawaida. Kwa hivyo mafuta ni mazuri, aliyekuuzia hajakuibia, ni vile tu mafuta ya ziwani hayajui baridi.

Nilichofanya: mama mkwe akanipa maji ya moto, nikafunga filta na kitambaa nikamwagilia polepole, hosi pia, nikarudia mara tatu. Maji yawe ya moto tu, usimwage yanayochemka moja kwa moja kwa kichwa cha filta, kinaweza kupasuka, na usikubali mtu akuwashie gazeti chini ya tangi hata kama amekuambia madereva wa lori hufanya hivyo. Ikiwaka usiondoke mbio, iache inguruma kama dakika kumi, mafuta yanayorudi tangini yanakuja na joto na yanayeyusha yale mengine.

Tangu hapo nina sheria yangu. Mwezi wa sita mpaka wa nane nikijua nitalala huko juu sizidishi lita 20 za biodizeli kwa 100, na dizeli naijaza Kericho kabla ya kupanda, si baada ya kuganda. Na kila jerikeni jipya nalipima, chupa moja inalala kwa friji usiku mzima, asubuhi naangalia. Ikiwa ngumu kama siagi, hayo ni ya kutembelea Ahero na Bondo.

Kama chupa ni safi na bado asubuhi haiwaki, basi shuku hita plagi kwanza. Biodizeli haina makosa hapo.

Inawaka, inatembea mita mia, inazima

Hewa. Inaingia mahali, sana sana kwa hosi. Mpira wa kawaida wa magari ya miaka ya tisini kurudi nyuma hauelewani na biodizeli, kwanza unatoa jasho, halafu unavimba, halafu ukiufinya unaacha alama ya kidole. Anza na zile hosi nyembamba za riteni (zinazorudisha mafuta tangini) juu ya nozo, hizo ndio hufa mapema, ukipitisha kidole kikirudi na unyevu ushajua. Ukitaka uhakika, kata kipande cha mpira wa kuonekana ndani ukiunge kabla ya pampu, washa gari, ukiona mapovu yanapita ndani kama soda basi usitafute kwingine.

Hosi inayofaa inaitwa Viton. Ni ghali, na ukiambiwa ni Viton kwa bei ya hosi ya kawaida basi si Viton. Mimi hukata kipande cha inchi mbili nakiloweka kwa biodizeli wiki moja kando ya kipande ambacho hakijalowekwa, halafu nalinganisha.

Kuna hii nyingine inafanana: ulikuwa kwa biodizeli miezi, pesa ikaisha ukarudi dizeli tupu, pampu ikaanza kuvuja. Sili zilikuwa zimevimba zikaziba vizuri, sasa zimenywea. Usirukeruke hivyo, badilisha kidogo kidogo. Pampu ikianza kulia machozi hivyo ndio sasa fundi ana haki ya kuishusha abadilishe sili.

Filta mpya kila wiki na chini ya chupa kuna makamasi

Ukiona tabaka chini ya chupa, angalia ni la nini. Maji yanakaa chini yakiwa meupe na yanatembea ukiinamisha chupa. Glisarini inakaa chini pia lakini ni nzito, kahawia, inaburuta. Ute mweusi wenye harufu mbaya ni vijidudu, hao huishi penye maji yanakutana na mafuta, na biodizeli inavuta maji kwa hewa kuliko dizeli. Tangi ikilala nusu tupu msimu wa mvua pale Kisumu na ule unyevu wa ziwa, utapata tu. Lala na tangi limejaa, toa maji kwa filta kila wiki.

Lakini ukungu ulioenea kote usiotulia, huo ni sabuni, yaani mpishi hakuosha mafuta au alipikia mafuta mabovu. Kipimo ni hiki: nusu chupa biodizeli, nusu maji safi, funga, tikisa kwa nguvu sekunde kumi, weka chini. Ndani ya nusu saa vinafaa kuachana, mafuta juu, maji chini yakiwa karibu safi. Ikibaki kama maziwa mala mpaka jioni, usitie kwa gari. Iliyopikwa nusu pia inafanya hivyo hivyo.

Kipimo cha kushika wanaochuja tu bila kupika ni kingine. Nunua sindano ya dawa ya mifugo kwa agrovet, pima mililita 27 za methanoli kwa chupa ya glasi, ongeza mililita 3 za biodizeli, zote ziwe na joto la kawaida la nyumba si baridi, tikisa. Biodizeli kamili inayeyuka ndani inapotea. Mafuta ambayo hayakupikwa yanashuka chini kama shanga, na hata shanga moja kubwa inakuambia mengi. Lakini methanoli ni sumu ya ukweli, inapofusha na inaua, si tumesahau waliokufa 2014 kwa pombe iliyotiwa hiyo kitu? Usiiweke kwa chupa ya soda hata dakika moja, usiipimie jikoni, na glavu uvae.

Moshi

Biodizeli nzuri inapunguza moshi mweusi. Kwa hivyo mweusi ukiongezeka baada ya kubadilisha, angalia filta ya hewa (barabara zetu zile za vumbi), halafu nozo. Moshi mweupe asubuhi dakika mbili tatu ni baridi tu, ukikaa mpaka injini ishapata moto na unachoma macho, chupa tena, uwezekano ni mkubwa una mafuta ya kuchujwa. Harufu ya chipsi si ugonjwa. Watoto wa shule walikuwa wakinifuata pale Kondele, hiyo nimezoea.

Oil inapanda kwa dipstiki

Ikipanda badala ya kushuka, simama. Mafuta yanaingia kwa samp, bakuli la oil chini ya injini. Kwa gari ya zamani ni nozo inayotiririsha. Kwa gari za kisasa zenye komoni reli (mfumo wa nozo unaoongozwa na kompyuta) na ile filta ya masizi kwa ekzosti, injini yenyewe inarusha mafuta ya ziada kusafisha hiyo filta, na biodizeli inayoshuka kwa ukuta wa silinda haivukizi kirahisi kama dizeli, inabaki inachanganyika na oil. Ndio maana kwa D-Max mpya au Hilux za D-4D siwezi kukuambia ujaze tupu. Kiwango cha dizeli cha Ulaya kinaruhusu biodizeli asilimia 7, kaa hapo hapo isipokuwa kitabu cha gari yako kinasema zaidi. Na hata kwa gari kama yangu mimi nabadilisha oil mapema kuliko nilivyokuwa nikifanya kwa dizeli.

Nguvu kupungua kidogo na kula mafuta kidogo zaidi, hiyo si hitilafu. Lita ya biodizeli tupu ina nishati pungufu kwa asilimia 8 hadi 10. Kwa mchanganyiko wa 20 hata hutaisikia.

Sasa utoe wapi ya bei nafuu

Hiyo asilimia 8 hadi 10 ya nishati ndio kipimo chako cha bei. Tuseme dizeli kwa pampu ni 170, biodizeli ya 160 si nafuu, unatembea kilomita chache na bado filta na hosi ni zako. Mimi juu ya 150 sinunui. Na kwa vile EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei tarehe 14 kila mwezi, wauzaji wa pembeni nao wanapandisha kesho yake, kwa hivyo kama unajua dizeli inapanda nunua tarehe 13.

Kupika mwenyewe watu wanadhani ni bure kwa vile mafuta ya chipsi yanamwagwa. Hayamwagwi. Huku mafuta hayana mwisho, hoteli inauzia kibanda, kibanda kinauzia mama wa mandazi. Niliwahi kwenda Obunga, pale wanapokaanga mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyobaki baada ya kutolewa mnofu), nikamuuliza mama mmoja ana mafuta ya kuuza, akacheka: "Kastoma, haya nimeanza nayo Jumatatu na bado yana kazi." Ilikuwa Alhamisi, meusi kama oil chafu. Na hata angeniuzia singefaidika, samaki ana maji, na mafuta yaliyochemshwa mara nyingi namna hiyo yana asidi nyingi, ukiyapika na magadi unapata sabuni. Yanayofaa ni ya hoteli kubwa na mashule, wanaobadilisha kwa ratiba. Huko nako siku hizi una mpinzani: makampuni yanakusanya mafuta yaliyotumika kwa ajili ya mafuta ya ndege. Mei 2023 ndege ya Kenya Airways ilitoka Nairobi mpaka Amsterdam ikiwa imechanganyiwa mafuta ya aina hiyo ya kampuni ya Eni ya Italia. Chipsi zimepanda ndege kabla yangu.

Hesabu nyingine ni methanoli, kama lita 20 kwa kila 100 za mafuta, hiyo ndio inakula faida yote ukinunua kidogo kidogo. Na mtu akikuambia dawa ni kupanda mbono kaburi (jatrofa), muulize kwanza waliopanda miaka ya 2000 walivuna nini.

Kinachonifanyia kazi ni kununua dramu kwa mtu anayepika kwa wingi, tukigawana watatu, mimi, jirani mwenye Canter na mwingine ana posho mill Nyakach. Mmoja wetu anaenda na chupa, anatikisa na maji palepale kabla ya kulipa, na anayekataa upime tunamwachia dramu lake. Omba risiti, uliza leseni. Ya kuongezwa mafuta ya taa usiguse, tangu ushuru wa shilingi 18 kwa lita uwekwe 2018 haina hata faida, na EPRA wanatia alama ya kuyatambua, unashikwa na pampu pia inakosa ulainishaji.

Kuchanganya, tia dizeli kwanza halafu biodizeli juu yake, ni nzito zaidi inashuka inajichanganya yenyewe. Weka kwa majerikeni ya plastiki ngumu au chuma cha kawaida, si dramu la zinki wala bomba la shaba, vinaozesha mafuta. Kivulini, limejaa, andika tarehe kwa kalamu ya rangi. Miezi mitatu ni salama, ikifika sita nachunguza upya kabla ya kutia. Ukimwaga kwa bodi wakati wa kujaza futa saa hiyo hiyo na sabuni, mimi nilichelewa na sasa chini ya kifuniko cha tangi rangi imetoka kipande cha ukubwa wa chapati.